Mtoto Amekaa Vibaya Tumboni: Wakunga Wanajibu Maswali Yenu

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka Mwanza na visiwa vyake, na karibu zote zinauliza jambo moja: mtoto hajakaa sawa, tufanye nini ageuke kabla ya siku zake? Kabla hujasoma majibu, chukua kadi yako ya kliniki uangalie mimba ina wiki ngapi, kwa kuhesabu tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. "Miezi minane" haitoshi, maana ushauri unaomfaa mama wa wiki ya 32 unaweza kumchelewesha vibaya mama wa wiki ya 37.

Shikamooni. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 32. Juzi kliniki nesi alinipapasa akasema mtoto ametanguliza makalio, kichwa kiko juu chini ya mbavu. Mama mkwe anasema hapa jirani kuna bibi anayekanda tumbo mpaka mtoto anageuka siku hiyohiyo. Niende? — Mama mtarajiwa, Buhongwa

Marahaba, na usiende.

Katika wiki ya 28, kama mtoto mmoja kati ya wanne huwa ametanguliza makalio. Mimba ikitimia wanabaki watatu au wanne tu kati ya mia. Hao wengine wote wamegeuka wenyewe, kwa kuwa bado wana nafasi na maji ya kuogelea, na kwa kuwa kichwa kinapokuwa kizito na makalio na miguu kuhitaji nafasi, sehemu pana ya juu ya kizazi ndiyo inayoifaa miguu. Sasa mfikirie bibi anayeletewa wajawazito kumi wa wiki ya 32. Akiwakanda au asipowakanda, wengi wao watoto wao watageuka. Sifa ya bibi imetoka hapo, wala si lazima awe anadanganya. Yeye mwenyewe anaamini ni mikono yake.

Wasiwasi wetu ni kwa yule mmoja ambaye mambo yanaharibika. Bibi hajui kondo la nyuma limekaa wapi. Akilisukuma kwa nguvu linaweza kubanduka kutoka kwenye ukuta wa kizazi, na damu ikajikusanya nyuma yake bila kutoka nje hata tone. Mama anaona tumbo limekuwa gumu kama ubao na linauma bila kuachia, na mtoto ndani anakosa hewa. Kamba ya kitovu nayo inaweza kubanwa. Mwenye kovu la upasuaji anaweza kupasuka kizazi. Na muda wote huo hakuna anayesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kwa hiyo hakuna wa kusema "acha".

Kwa mama mkwe, mwambie kwa heshima kwamba kliniki wamekataza tumbo lisiguswe mpaka kipimo kifanyike, halafu umwombe akukande kiuno na miguu jioni. Huko mikono yake inahitajika kweli, na atajua hujamdharau.

Nyumbani unaweza kufanya mkao wa magoti na kifua. Kojoa kwanza, na iwe kabla ya kula, au saa mbili baada ya kula, vinginevyo kiungulia kitakutesa. Tandika mkeka na juu yake kitenge kilichokunjwa mara nne. Piga magoti, uyaachanishe kwa upana wa mabega, kisha inama taratibu mpaka kifua na shavu moja viguse mto mwembamba. Kosa tunaloliona kila mara ni mama kukalia visigino vyake, mapaja yanabana tumbo na makalio yanashuka. Mapaja yasimame wima kama nguzo, makalio yawe sehemu ya juu kabisa ya mwili, tumbo lining'inie. Kaa hivyo dakika 10 hadi 15 huku ukipumua polepole, mara mbili au tatu kwa siku. Wazo lake ni makalio ya mtoto yatoke kwenye mlango wa nyonga yalikojikita ili apate mahali pa kupindukia. Ukimaliza usiruke wima. Rudi kwenye mikono na magoti, kaa dakika moja, kisha inuka ukiwa umeshika kiti au mtu.

Usifanye mkao huu kama presha iko juu, kama umetokwa damu, kama umeambiwa kondo limekaa chini, kama una mapacha, au kama kichwa kinakuzunguka. Kitu kimoja tukuambie waziwazi: waliopima mkao huu kitaalamu hawakupata uthibitisho kwamba unageuza watoto wengi kuliko kusubiri tu. Tunautaja kwa sababu haudhuru ukifanywa sawasawa, na mama anapata muda wa kumsikiliza mtoto akicheza. Mtoto asipogeuka si kwamba umekosea kupiga magoti.

Hudhuria kliniki wiki ya 34, halafu ya 36. Hiyo ya 36 usiikose kwa sababu yoyote. Kama bado kichwa kiko juu, au nesi ana shaka, omba utrasaundi. Itaonyesha mtoto amelalaje, kondo liko wapi, maji ni kiasi gani, na kama kuna uvimbe kwenye kizazi unaomzuia kugeuka.

Naweza kujua mwenyewe mtoto amelalaje bila kusubiri siku ya kliniki? — Msomaji, Nyakato

Unaweza kukisia, kuanzia kama wiki ya 34, tumbo likiwa limelegea. Lala chali ukiwa umeinua mabega kwa mito miwili na kukunja magoti, lakini kwa dakika chache tu. Pasha viganja joto kwa kuvisugua, maana mkono wa baridi hulifanya tumbo likaze.

Anza juu, chini ya mbavu. Kichwa ni kigumu, cha mviringo, na kina shingo. Ukikigonga kidogo kwa vidole upande huu na kupokea upande wa pili, kinachezacheza peke yake kama chungwa ndani ya mfuko wa maji. Makalio ni mapana na laini zaidi, na ukiyasukuma mwili mzima unafuata. Kisha weka kiganja kimoja kila upande wa kitovu. Upande wenye kitu kirefu, kilaini kisicho na mabonde ndio mgongo. Upande wenye vinundu vinavyokukwepa ni mikono na miguu.

Mateke nayo husema. Yakigonga juu ya kitovu, huenda kichwa kiko chini. Yakigonga chini karibu na kibofu, na huku kuna kitu kigumu kinakubana pumzi juu, mtajie nesi jambo hilo. Yeye ataongeza kusikiliza mapigo kwa kile chombo kinachofanana na tarumbeta. Mtoto aliyetanguliza kichwa husikika vizuri chini ya kitovu cha mama, na aliyetanguliza makalio mara nyingi husikika usawa wa kitovu au juu yake. Hata mikono ya mkunga mzoefu hukosea, hasa tumbo likiwa na mafuta mengi au kondo likiwa mbele. Kwa hiyo ulichokipapasa kitandani kiwe swali la kupeleka kliniki.

Nafanya kazi ya kuanika dagaa mwaloni Igombe. Nainama kutwa nzima, wengine wananiambia kuinama kunampinda mtoto, wengine wanasema ndiko kunamweka sawa na nipige deki sana. Na je, kuogelea kunasaidia? Niko wiki ya 35, kichwa kiko chini ila nesi ameandika mtoto "ametazama mbele". — Mama wa wawili, Ilemela

Kwanza maana ya hilo neno, kwa sababu linatisha kuliko linavyostahili. Kichwa kiko chini, na hilo ndilo kubwa. Ila mgongo wa mtoto umelala kwenye mgongo wako, na uso wake umetazama tumboni kwako. Tunapenda kinyume chake, mgongo wake uwe mbele na uso utazame mgongoni kwa mama, kwa sababu hapo anakunja shingo na kidevu kinagusa kifua. Kichwa kilichokunjwa hivyo kinapita kwa upana wa kama sentimita 9.5. Kisichokunjwa, ambacho ndicho mara nyingi cha mtoto anayetazama mbele, kinakuja na sentimita kama 11.5. Tofauti ya sentimita mbili kwenye nyonga ni kubwa, na ndiyo inayoleta uchungu mrefu na maumivu ya kiuno.

Ila usianze kuhangaika wiki ya 35. Watoto wengi huanza uchungu wakiwa hivyo na kuzunguka wenyewe uchungu unapokolea. Wanaozaliwa wakiwa bado wametazama mbele ni kama watano kati ya mia. Australia walifanya utafiti mkubwa, wa wajawazito zaidi ya 2,500, uliochapishwa mwaka 2004. Nusu yao walikaa kwa mikono na magoti dakika 10 mara mbili kwa siku tangu wiki ya 37. Siku ya kuzaa watoto wao hawakuwa wamekaa vizuri kuliko wa wenzao. Kwa hiyo deki ni ya usafi wa nyumba, na hatutakuambia uongeze ndoo nyingine kwa ajili ya mtoto.

Kuinama hakumpindi mtoto. Kunachosha kiuno chako. Mtoto yuko ndani ya maji, wewe ndiye unayekunja uti wa mgongo mara mia kwa siku. Ukitandaza dagaa, piga magoti juu ya gunia lililokunjwa badala ya kuinama kwa miguu iliyonyooka, na kila nusu saa simama utembee. Ndoo ya dagaa wabichi abebe mwingine. Ukikaa kupumzika, magoti yawe chini kuliko nyonga. Kigoda kifupi kinakunja tumbo na kukubana pumzi, afadhali kiti cha kawaida, ukikigeuza uegemee mgongo wa kiti kwa kifua. Mkao huo unapumzisha kiuno, nasi tunaupenda kwa sababu hiyo tu.

Kuogelea ni mazoezi mazuri kwa mjamzito, na ushauri huo umeandikwa na watu wenye mabwawa ya maji yenye dawa. Ziwa letu lina kichocho, na ufukweni penye majani na konokono ndipo hatari ilipo. Usiingie ziwani kwa ajili ya kumgeuza mtoto. Kama kazi inakulazimu kuingia majini kila siku, mwambie nesi, kwa kuwa dawa ya kichocho inaweza kutolewa kwa mjamzito baada ya miezi mitatu ya kwanza.

Na usingizi: tangu wiki ya 28 lala kwa ubavu, wowote kati ya miwili. Hapa hatuzungumzii mlalo wa mtoto tena bali uhai wake. Ukilala chali kizazi kinakandamiza mishipa mikubwa ya damu, na tafiti zimeonyesha kwamba kulala chali miezi ya mwisho kunaongeza hatari ya mtoto kufia tumboni. Ukishtuka usiku umelala chali, geuka tu ubavu uendelee kulala.

Je, kumulika tochi chini ya tumbo, kumwekea muziki chini, barafu juu, au kunywa majani kunamgeuza? — Misungwi

Tochi, muziki na barafu hatuna ushahidi navyo, na havina madhara, ila barafu ifungwe kwenye kitambaa. Majani usinywe. Mengi yanayouzwa au kuchumwa kwa ajili ya wajawazito hukaza kizazi, na kizazi kilichokaza kinamnyima mtoto nafasi hiyohiyo unayoitafuta. Wakati wa uchungu ni hatari zaidi, kwa sababu mikazo inakuja kwa nguvu isiyopimika na kizazi kinaweza kupasuka. Kama umeshakunywa, wahudumu wa leba waambie. Wanahitaji kulijua kabla hawajakuwekea dripu yoyote ya kuongeza uchungu.

Nipo kisiwa kimojawapo cha Ukerewe. Mimba ya saba, wiki ya 36. Zahanati wanasema mtoto amekaa mlalo, kichwa ubavuni. Hapa hakuna upasuaji. Wengine sita niliwazaa hapahapa bila shida. — Mama wa sita

Mama yetu, barua yako tuliiweka mbele ya nyingine zote.

Mtoto aliyelala kwa kukingama hawezi kuzaliwa kwa njia ya kawaida. Mtoto wa makalio anaweza, akipata mkunga anayejua. Anayetazama mbele anaweza. Huyu hawezi, hata kama waliomtangulia walikuwa ishirini. Uchungu ukianza akiwa hivyo, bega au mkono hujikita kwenye nyonga, kizazi kinaendelea kusukuma mahali pasipo na njia, na mwisho kinapasuka. Na kwa kuwa hakuna kichwa kilichoziba mlango, chupa ikipasuka kamba ya kitovu inaweza kutangulia na maji.

Kwa mama aliyezaa mara nyingi sababu ya kawaida ni misuli ya tumbo iliyolegea, mtoto anazunguka anavyotaka, leo mlalo, kesho wima. Lakini kuna sababu nyingine ambazo lazima zitazamwe kwa utrasaundi: kondo lililokaa chini mlangoni, maji kuzidi, uvimbe kwenye kizazi, nyonga nyembamba. Ukitokwa na damu, hata kidogo na bila maumivu, usikubali mtu yeyote akupime kwa vidole ukeni kabla ya kipimo hicho. Kondo likiwa mlangoni, kidole kinaweza kufungulia damu isiyozuilika.

Vuka sasa. Usisubiri wiki ya 38, usisubiri mavuno wala mwisho wa mwezi. Mimba ikifika wiki ya 37 uwe umeshafika mahali penye chumba cha upasuaji na damu, iwe Nansio au mjini Mwanza, kadiri daktari wa wilaya atakavyokuelekeza. Uliza kama hospitali ina nyumba ya kusubiria kujifungua, ile wengi wanaita chigonela. Kama haipo, tafuta ndugu anayekaa umbali wa bodaboda moja kutoka getini. Usipange safari kwa kuhesabu muda wa boti siku ambayo ziwa limetulia. Pigia hesabu siku ya upepo, usiku, na mafuta yameisha.

Wakati unasubiri, wahudumu watakupapasa kila siku au kila baada ya siku chache. Mtoto akinyooka na kubaki amenyooka, unaweza kuzaa kawaida. Asiponyooka, daktari atajaribu kumgeuza au atapanga upasuaji.

Chupa ikipasuka ukiwa bado kisiwani, jiguse au umwombe mwenzako aangalie. Ukiona au kuhisi kamba laini inayodunda, piga magoti mara moja, kifua chini, makalio juu, mkao uleule tulioueleza kwa dada wa Buhongwa, ili uzito wa mtoto usiibane. Usiirudishe ndani, usiishikeshike, ifunike kwa kitambaa safi chenye unyevu. Piga 115, namba ya bure ya m-mama ya kuwasafirisha wajawazito wenye dharura. Ndani ya boti au gari, kama huwezi kubaki umepiga magoti, lala ubavu wa kushoto na uwekewe mito au nguo zilizokunjwa chini ya nyonga mpaka iwe juu kuliko kichwa. Mwambie mwenzako akariri maneno haya mapema, kwa sababu wakati huo wewe hutaweza kuyafikiri.

Daktari wa Sengerema amenipa rufaa kwenda mjini, anasema wataalamu wanaweza kumgeuza mtoto kwa mikono kwa nje. Je, hiyo si sawa na kukandwa na bibi? Niko wiki ya 37, mtoto wa pili, ametanguliza makalio. Wa kwanza nilizaa kawaida. — Msomaji, Sengerema

Swali zuri, kwa sababu kwa macho vinafanana. Tofauti iko katika kila kinachofanyika kabla na baada ya mikono.

Utafika umekula chakula chepesi au hujala, kadiri watakavyokuambia. Utakojoa. Utrasaundi itaonyesha kondo, maji, na kichwa kiko upande gani. Mapigo ya mtoto yatasikilizwa kwa muda. Ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Mara nyingi utachomwa sindano ya kulegeza kizazi, ambayo itafanya moyo wako uende mbio kidogo na mikono itetemeke. Hilo hupita. Kisha daktari atapaka jeli au mafuta tumboni, ainue makalio ya mtoto kutoka kwenye nyonga kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akiongoze kichwa kizunguke kuelekea chini, kama mtu anayepiga samasoti mbele taratibu. Asipokubali, wanajaribu upande wa pili. Kazi yenyewe ni dakika chache. Inabana na wengine inawauma, na una haki ya kusema "basi" wakati wowote. Mapigo yakishuka wanaacha. Baadaye wanasikiliza tena kwa muda mrefu kabla hujaruhusiwa. Kama damu yako ni kundi hasi, utahitaji sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako usitengeneze kinga dhidi ya damu ya mtoto, kwa hiyo nenda na jibu la kundi la damu.

Inafaulu kama nusu ya mara zote. Kwa aliyekwisha kuzaa kawaida kama wewe, ni karibu sita kati ya kumi. Kwa mimba ya kwanza ni kama nne kati ya kumi. Ndiyo maana wenye mimba ya kwanza hufanyiwa wiki ya 36, na wengine wiki ya 37: uko kwenye wakati wako hasa. Kama mmoja kati ya mia mbili huishia upasuaji wa dharura siku hiyohiyo, na ndiyo maana haifanywi mahali ambapo chumba cha upasuaji hakipo mlango wa pili. Haifanywi kabisa kama kondo limefunika mlango, kama umetokwa damu siku za karibuni, kama chupa imepasuka, kama ni mapacha, au kama mtoto ana dalili za kuchoka. Mwenye kovu la upasuaji mmoja aamuliwe na daktari bingwa.

Kwa hiyo nenda, na usichelewe wiki nzima kutafuta nauli nzuri. Tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi linavukika kwa gari bila kusubiri kivuko. Ulizia hospitali ya Bugando au Sekou Toure siku ambayo daktari bingwa wa uzazi yupo kliniki, uende asubuhi, na uende na mtu. Ukirudi nyumbani, tumbo likikaza na lisiachie, ukitokwa damu au maji, au mtoto akipunguza kucheza, rudi siku hiyohiyo hata kama ni usiku.

Mke wangu uzazi uliopita aliumwa kiuno saa nyingi sana, wakasema mtoto alitazama juu. Safari hii nitakuwa naye. Nifanye nini chenye msaada? — Baba, Kirumba

Hongera kwa kuuliza kabla. "Alitazama juu" ndiyo ileile "ametazama mbele" ya dada wa Ilemela. Uliza pia hospitali mapema kama wanaruhusu mwenzi kuingia leba, na wanataka uje na nini.

Uchungu ukianza, asilale chali. Asimame, atembee, au apige magoti akiegemea kitanda, kiuno kikizungushwa taratibu kama anacheza. Mkao wa mikono na magoti ambao hausaidii wiki za mwisho, wakati wa uchungu unapunguza kweli maumivu ya kiuno, na kama mama anaupenda aukae kadiri anavyotaka. Akichoka alale ubavu na mto mnene katikati ya magoti, abadilishe ubavu kila baada ya nusu saa hivi.

Kazi yako ni kiganja. Tafuta ule mfupa bapa chini ya kiuno, juu tu ya mpasuko wa makalio. Mkazo ukianza, weka sehemu ngumu ya kiganja hapo na usukume moja kwa moja kwa ndani, mkono umenyooka, ukitumia uzito wa mwili wako. Usisugue, ngozi itachubuka kabla ya usiku kuisha. Sukuma mpaka mkazo uishe, kisha achia. Atakuambia "chini kidogo" au "zaidi", mfuate yeye. Kati ya mikazo weka taulo lililowekwa maji ya moto na kukamuliwa, ulijaribu kwanza kwenye mkono wako wa ndani.

Mkumbushe kukojoa kila saa mbili. Kibofu kilichojaa kinakizuia kichwa kushuka na kuzunguka, na mama mwenye uchungu hasikii tena haja. Mpe maji au uji mwepesi kidogokidogo kama wahudumu hawajakataza. Na jiandae kwa jambo moja: mtoto wa namna hii hubana njia ya haja kubwa, mama anataka kusukuma mapema wakati mlango haujafunguka sentimita 10. Akisukuma, mlango huvimba na kazi inarudi nyuma. Mwache apige magoti, kichwa chini, apumue kwa kifupi kama anapuliza moto wa mkaa, huku ukimwita mkunga ampime.

Wiki ya 38, makalio bado yapo chini, walijaribu kumgeuza ikashindikana. Lazima nipasuliwe? Na mtoto akitoka atakuwa na kasoro? — Mama wa Magu

Uamuzi unategemea vitu vichache: miguu imekaaje, uzito wa mtoto, nyonga yako, na kama kuna mkunga au daktari aliyezoea kuzalisha makalio saa zote. Mtoto aliyenyoosha miguu kuelekea usoni anapitika kuliko aliyetanguliza mguu mmoja, ambaye kamba inaweza kuponyoka kando yake. Tangu mwaka 2000, ulipochapishwa utafiti mkubwa wa nchi nyingi kuhusu jambo hili, madaktari wengi wanapendelea upasuaji wa kupangwa, na ustadi wa kuzalisha makalio umepungua. Kama hospitali yako haina mtu wa kazi hiyo, tungechagua upasuaji wa kupangwa kama wiki ya 39. Usizalie nyumbani wala zahanati. Mwili ukitoka na kichwa kikanaswa, zilizobaki ni dakika.

Ukifika leba, sentensi yako ya kwanza, kabla ya kutoa kadi, iwe: "Mtoto ametanguliza makalio." Asiyekujua akikupokea usiku asidhani alichokigusa ni kichwa.

Kasoro, kwa wengi, hapana. Miguu inaweza kubaki imekunjuka juu siku kadhaa, na makalio au sehemu za siri zikavimba kidogo. Hurudi zenyewe. Kinachotakiwa kuangaliwa ni viungo vya nyonga, maana hawa wana uwezekano zaidi wa kuwa navyo vilivyolegea. Omba vipimwe kabla hamjatoka hospitali, na tena mtoto akiwa na wiki sita. Usimfunge miguu kwa kuinyoosha na kuibana pamoja ndani ya khanga. Akishakaza shingo, mbebe mgongoni kwa mbeleko, mapaja yamepanuka yakikukumbatia kiuno. Mkao huo ndio nyonga zake zinautaka.